Aliyegeuka Njiani Si Mwoga

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tukaipigia mstari, na walimu wakatupa alama. Lakini nikiitazama shule yetu mwaka huu, naona tumeikariri tu, hatujaielewa. Kuna mwenzetu aliyefanya jambo ambalo methali hiyo inalisifu, na badala ya kushukuru kwamba yuko darasani anasoma pamoja nasi, tumempachika jina la utani na kumcheka kila apitapo. Maoni yangu ni kwamba kicheko hicho si cha haki, tena ni cha hatari. Naomba mnisikize mpaka mwisho ndipo mnipinge.

Kwa wale wasio na habari, likizo ya Agosti iliyopita wanafunzi 14 wa shule yetu na walimu wawili walikwenda kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Wanafunzi 13 na mwalimu mmoja walifika kilele cha Lenana. Mwanafunzi mmoja aliugua katika kambi ya Shipton akarudishwa chini, akisindikizwa na mwalimu wa pili. Huyo mmoja ndiye ambaye siku hizi mnamwita "Shipton". Hata kwenye foleni ya chai mtu anapaza sauti, "Shipton, geuka, huku ni juu sana!" na watu wanavunjika mbavu. Jambo la ajabu ni kwamba mwalimu aliyeshuka naye pia hakufika kileleni, na sijasikia mtu akimcheka.

Kwanza, wacha niseme kwa nini mlima huu unatuhusu sisi watu wa Kajiado. Kuna wanaosema ati kupanda milima ni mambo ya watalii wasio na kazi. La hasha! Vilele vitatu vikubwa vya Mlima Kenya vina majina ya Kimaasai. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilipewa jina la Mbatiany, laiboni mkuu wa zamani. Nelion, chenye mita 5,188, ni jina la Nelieng nduguye, na Lenana, chenye mita 4,985, ni jina la Olonana, mwana wa Mbatiany. Aliyeyatoa majina hayo ni Mwingereza Halford Mackinder, ambaye alifika Batian mwaka 1899, lakini wenye majina ni wa huku kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alikuwa huko juu akipandisha bendera ya Kenya huru. Isitoshe, Loitokitok, ndani ya kaunti yetu hii hii, kuna shule ya Outward Bound ambayo tangu miaka ya 1950 imekuwa ikiwafunza vijana mambo ya milima chini ya Kilimanjaro.

Tena mtu wa Kitengela hahitaji kuambiwa mlima ni kitu gani. Asubuhi ambapo mbingu ni safi na vumbi la barabara ya Namanga halijaamka, ukisimama mahali palipoinuka unaweza kuuona Kilimanjaro kule mbali kusini, mweupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Wamaasai huuita Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Kwa hivyo, milima ni yetu. Swali ni kama tunajua kuipanda.

Pili, watu wanasema mwenzetu alishindwa kwa sababu hakujiandaa. Huu ni uongo mtupu, na nitaeleza. Sisi ni shule ya kutwa. Kengele ya jioni ikilia kila mtu anakimbilia kwao kuteka maji, kuchunga mbuzi, kupika au kusaidia dukani. Hatuna jioni ndefu za mazoezi kama wenzetu wa mabweni. Basi mazoezi yetu yalikuwa ya njiani. Kuanzia Mei tuliacha matatu tukawa tunatembea, mkoba mgongoni umejaa pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili. Mama mboga wa stejini walituuliza kama tumefungua biashara ya unga. Jumamosi nne tulikwenda Ngong tukavipanda vile vilima na kuvishuka, hadi kile kirefu kuliko vyote chenye mita 2,460. Viatu na jaketi tulitafuta kwa mitumba. Tulifundishwa kukiloweka kiatu ndani ya karai la maji kabla ya safari ili tujue kama kinavuja, na kukivaa wiki kadhaa kwanza, kwa maana kiatu kigeni kinachubua mguu hata kabla ya kona ya kwanza.

Katika hayo yote, nani alikuwa mbele? Si huyo huyo mnayemcheka? Ndiye anayewakilisha shule katika mbio za nyika. Kule Ngong alikuwa anafika juu, anashuka tena kuwapokea walio nyuma mizigo yao. Mimi, ambaye katika mbio za mita 800 huwa nafika watu wameshaanza kwenda nyumbani, ndiye niliyebebewa mkoba mara mbili. Ikiwa mlima unapandwa kwa misuli peke yake, basi yeye angesimama Lenana nami ningebaki Shipton. Mambo yalikwenda kinyume. Kwa nini?

Jibu liko katika hewa. Hapa Kitengela tuko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Oksijeni haikosekani, kwa maana huko juu kama huku chini ni karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni ule msukumo wa hewa unaoiingiza oksijeni hadi damuni. Karibu mita 5,000, pumzi moja inakupa kama nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa ufukweni. Mwili una akili yake. Unapumua haraka, moyo unapiga mbio, na siku zinavyopita damu yenyewe inajirekebisha. Lakini mwili unataka muda. Huwezi kuuhonga kwa mazoezi. Mkimbiaji na mvivu wanaweza kuugua sawasawa, na pengine mkimbiaji ndiye anayeugua zaidi kwa kuwa miguu yake inamfikisha juu kabla damu yake haijajiandaa.

Ugonjwa wenyewe huanza kama malaria au kama njaa ya kawaida. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, usingizi haupatikani, na mtu anatapika. Ukiishia hapo, pumzika, usipande zaidi mpaka upone. Lakini ukipuuza, unaweza kugeuka ukawa wa aina mbili mbaya sana. Aina moja hujaza maji mapafuni, mtu akawa anahema hata akiwa ameketi, na anakohoa. Aina nyingine huvimbisha ubongo, mtu akaanza kupepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo ni suala la saa chache, na dawa ya kwanza inayojulikana ulimwenguni kote ni moja tu: kushuka chini, sasa hivi, hata kama ni usiku.

Sasa tazameni safari yetu. Ushauri wa wataalamu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Sisi tulitoka Kitengela alfajiri, jioni tukalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kesho yake tukalala Shipton, mita 4,200. Toeni wenyewe. Hiyo ni mita 900 kwa siku moja. Silaumu waliopanga, kwa sababu najua kila usiku mlimani unalipiwa, na wazazi wetu walikuwa wameshatoa walichokuwa nacho. Wengine waliuza kuku. Nasema tu kwamba ikiwa kuna kitu kilichopungua, ni usiku mmoja, wala si moyo wa yule kijana.

Na moyo wake niliuona kwa macho yangu. Siku ya pili tulipanda Bonde la Mackinder kwa saa nyingi, tukipita ile mimea ya ajabu ya lobelia iliyosimama kama watu waliojifunika blanketi. Tulipofika Shipton, pimbi walikuwa wanatuzunguka wakitafuta makombo, na kila mtu akajitia kucheka. Baadaye wenzangu wawili waliniambia kwamba saa hiyo vichwa vilikuwa vinawapasuka, lakini walinyamaza wasije wakaonekana wanyonge. Yeye hakunyamaza. Alitapika mara ya kwanza, akanywa maji akangoja. Alipotapika mara ya pili alikwenda mwenyewe kwa mwalimu akasema, "Mwalimu, kichwa hakiachi, na naona miguu si yangu."

Kiongozi wetu wa mlimani, mzee mmoja mtulivu wa Nanyuki, alichora mstari mchangani akamwambia aufuate, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Alipepesuka mara mbili. Mzee akamuuliza, "Kijana wangu, hapa ni wapi?" Akajibu, "Ni hapa Isinya, tunangoja gari." Hakuna aliyecheka. Sisi sote tulinyamaza kimya, na baridi tuliyoisikia haikuwa ile ya theluji.

"Huyu anashuka," mzee akasema. Mwenzetu akaanza kulia, akasema mama yake alichanga pesa ndio yeye afike juu. Mzee akamshika bega akamwambia, "Mlima hauhami, kijana. Utaukuta hapa hapa. Wewe ndiye tunayeogopa kukupoteza." Akakubali. Mwalimu alituambia baadaye kwamba walishuka polepole kwa tochi, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, na kabla hata hawajafika Old Moses kichwa kilikuwa kimeanza kumwachilia. Asubuhi alikunywa uji vikombe viwili.

Sisi tuliobaki tuliamshwa saa nane na nusu usiku. Maji katika chupa yalikuwa yameanza kuganda. Hatua moja, pumzi mbili. Hatua moja, pumzi mbili. Jua lilipochomoza tulikuwa Lenana. Ilikuwa furaha, sitawaficha. Lakini kufika kwangu hakukuwa ushujaa. Mwili wangu ulipokea hewa ile vizuri zaidi, basi, kama vile mtu mwingine anavyopanda matatu bila kutapika. Hiyo ni bahati, na mwakani mambo yanaweza kugeuka mimi nikawa mgonjwa.

Tuliporudi, katika gwaride la kwanza la muhula tuliitwa mbele tukapewa vyeti, shule nzima ikatupigia makofi. Yeye alikuwa amesimama kwenye mstari wa darasa lake akipiga makofi pamoja nanyi. Kufikia mapumziko ya saa nne jina la "Shipton" lilikuwa limeshazaliwa.

Hebu sasa tutazame nje kidogo, tuone wakubwa wa kazi hii wanafanyaje. Mlima mrefu kuliko yote duniani, Everest, uko katika safu ya Himalaya, kati ya Nepal na Tibet, nao una mita 8,849. Watu wengi huenda huko si kufika kileleni bali kutembea tu mpaka kambi ya chini, yenye mita 5,364. Hiyo inaipita Lenana yetu kwa mita 379 peke yake! Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unaizidi kambi hiyo. Lakini waendao huko huchukua kama siku nane kupanda. Wakifika mji wa Namche Bazaar, mita 3,440, hulala pale usiku mbili kabla ya kuendelea, na mchana wa kupumzika hupanda kilima kidogo kisha wakarudi kulala chini. Sisi mwinuko unaokaribia huo tunaukimbilia kwa siku tatu, kisha anayeugua tunamwita mwoga. Jamani, nani hapo amekosa hekima?

Mkenya anayetambuliwa kuwa wa kwanza kufika kilele cha Everest ni James Kagambi, mwalimu wa upandaji milima, aliyefika mwezi wa Mei 2022 akiwa na miaka 62. Miaka sitini na miwili! Hakuwa na haraka. Alikuwa ameshapanda na kufundisha milima kwa miongo mingi. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, ndugu yetu Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji mzoefu, alijaribu kilele hicho hicho bila kutumia oksijeni ya mitungi. Yeye na mwelekezi wake wa Nepal, Nawang Sherpa, walipoteza maisha yao huko juu. Nchi nzima ilihuzunika. Simtaji marehemu ili nimlaumu. Ujasiri wake ni mkubwa kuliko wa kwangu mara elfu, na Mungu amlaze pema. Namtaja ili tujue kwamba milima haina mzaha hata kwa wanaoijua. Kilio cha shujaa ni kilio cha kweli. Ndiyo sababu kicheko cha aliyerudi nyumbani kinafaa kiwe kicheko cha furaha, wala si cha dharau.

Najua kuna watakaonijibu kwamba utani ni utani tu, ati mwanamume hakasiriki kwa jina. Jibu langu ni hili. Agosti ijayo safari nyingine inapangwa, na orodha imeshabandikwa kwenye ubao. Miongoni mwa watakaokwenda mmoja ataamka Shipton kichwa kinamgonga. Atakumbuka nini? Atakumbuka lile jina. Atajiambia, "Nikisema, nitaitwa Shipton wa pili," kisha atameza tembe za kupunguza maumivu, ajikaze, apande. Hapo utani wetu wa foleni ya chai utakuwa umemsukuma kule ambako pengine hakuna kurudi. Wale wawili walionyamaza mwaka jana walinyamaza hata kabla jina halijakuwepo. Sasa kwa kuwa lipo, je?

Wengine watasema basi tusiende kabisa, mlima ni hatari, mzazi akisikia haya atakataa. Hapana. Barabara ya Namanga pia ni hatari na tunaivuka kila siku, kwa sababu tumefundishwa kutazama kulia na kushoto. Anayekatazwa mlima hajifunzi chochote; anayefundishwa mlima hujifunza subira, kuwasaidia wenzake, na kusema ukweli kuhusu mwili wake. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha darasani.

Kwa hivyo, nina mapendekezo manne kwa walimu wetu wapendwa na kwa viongozi wa safari.

Kwanza, tuongeze usiku wa pili Old Moses. Mchana tupande juu kidogo, jioni turudi kulala pale pale. Bado kuruka hadi Shipton kutakuwa kukubwa, lakini mwili utakuwa umepata nafasi. Pesa zitatoka wapi? Mwaka jana kila mmoja alilipia fulana iliyochapishwa jina la safari, na tulipotoka tulikula kuku na chipsi Nanyuki. Fulana yangu imeshapauka. Tuziache fulana na kuku, tununue usiku.

Pili, kila jioni mlimani kila mtu aulizwe mbele ya mwalimu: kichwa vipi, umekula, umelala, umetapika? Aulizwe mkubwa na mdogo, hodari na dhaifu, ili kusema "naumwa" kuwe jambo la kawaida kama kuitikia jina asubuhi.

Tatu, cheti kiandikwe jina la kila aliyepanda na mita alizofika. Mita 4,200 si kitu kidogo. Hakuna hata mmoja kati ya wanaocheka ambaye ameshafika hapo.

Nne, huyu mwenzetu afanywe mwalimu wa wale watakaokwenda Agosti. Anajua mazoezi kutuliko sote, na anajua jambo ambalo sisi 13 hatulijui: ule ugonjwa unavyoanza ukiwa ndani ya kichwa chako mwenyewe, na namna ya kusema neno moja gumu, "nashuka", wakati kila mtu anakutazama.

Nikitia nanga, wanafunzi wenzangu, nawaomba jambo dogo lisilohitaji pesa wala kikao cha walimu. Yule mwenzetu ana jina alilopewa na wazazi wake. Tulitumie. Na kama ni lazima tumwite Shipton, basi tumwite kwa heshima, kama vile watu wanavyoitwa kwa jina la mahali walipofanya jambo la maana.